Barabara juu ya mfinyanzi unaoganda: tufukue hadi mwisho wa jalidi, au tutegemee CBR ya kiangazi?

Swali la msomaji, kwa ufupi: Mimi ni mhandisi ujenzi katika eneo lenye majira ya baridi kali. Nimekabidhiwa usanifu wa barabara ya lami ya njia mbili itakayopita juu ya udongo wa mfinyanzi, na katika mashimo ya uchunguzi tumeona tabaka nyembamba za mchangatope (udongo laini kuliko mchanga, mkavu kuliko mfinyanzi kwa chembe zake kubwa kidogo) ndani ya mfinyanzi huo. Maji ya ardhini yako mita 1.5 chini ya uso, na jalidi, yaani baridi inayogandisha ardhi, hufika kina cha mita 1.3 hivi. CBR, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, iliyopimwa kiangazi ni asilimia 7. Mkuu wangu anataka tuondoe udongo wote hadi mita 1.3 na kujaza changarawe. Mwenzangu anasema CBR ya 7 inatosha kabisa, kwa kuwa udongo ulioganda huwa mgumu kama zege. Nimfuate nani?

Jibu

Ndugu mhandisi, ningekuwa katika nafasi yako nisingemfuata yeyote kati yao kikamilifu, ingawa kosa la mwenzako ndilo lingenitia wasiwasi zaidi. Anachosema kuhusu udongo ulioganda ni kweli: katikati ya baridi barabara yako itabeba magari mazito pasipo kutikisika, pengine vizuri kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Tatizo ni kwamba barabara hizi haziharibiki zikiwa zimeganda. Huharibika katika wiki chache zinazofuata, barafu inapoyeyuka, na CBR uliyopima kiangazi haina habari yoyote ya wiki hizo. Mkuu wako kwa upande wake anaiogopa hatari iliyopo kweli, ila namba anayoitegemea, mita 1.3, haina maana anayoidhania, kama nitakavyoonyesha kwa hesabu hapa chini.

Nianze na kinachoinua ardhi, kwa sababu uamuzi wote unategemea jambo hili. Wengi husema kwamba ardhi huumuka kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Hebu tupime kauli hiyo. Ikiwa asilimia 40 ya ujazo wa udongo wako ni maji, na maji yote hadi kina cha mita 1.3 yakagandia pale pale yalipo, uso ungeinuka kwa milimita 47 tu, na hicho ni kiwango cha juu kabisa, kwa kuwa sehemu ya maji ya mfinyanzi hubaki bila kuganda hata chini ya nyuzi sifuri. Hata hivyo barabara zimepimwa zikiwa zimeinuka zaidi ya milimita 100, na hazikuinuka sawasawa. Mwanajiolojia Stephen Taber wa Marekani alilimaliza suala hili karibu na mwaka 1930, alipogandisha udongo uliolowekwa kwa benzini, kimiminika ambacho husinyaa kikiganda, na bado udongo ule ukaumuka. Kinachoinua ardhi, kwa hiyo, ni maji mapya yanayovutwa kutoka chini hadi kwenye mpaka wa kuganda, ambako hujikusanya na kuwa vipande bapa vya barafu safi vilivyolala sambamba na uso wa barabara. Tuviite lenzi za barafu.

Nguvu ya uvutaji huo ni kubwa ajabu. Kinadharia, kila nyuzi moja ya Selsiasi chini ya kiwango cha kuganda inaweza kuzalisha ufyonzaji wa takriban megapaskali 1.2, sawa na kuinua safu ya maji yenye urefu wa mita 120. Kwa hiyo nguvu ya kuvuta haikosekani. Kinachoamua ni kama udongo unaruhusu maji yapite upesi. Mchanga huyapitisha kwa urahisi, lakini vinyweleo vyake ni vikubwa mno kuweza kushikilia ufyonzaji huo. Mfinyanzi mzito unao ufyonzaji mwingi, ila maji hupenya humo polepole kiasi kwamba mpaka wa kuganda huyapita kabla hayajafika. Mchangatope, ambao chembe zake ni ndogo kuliko za mchanga na kubwa kuliko za mfinyanzi, una yote mawili kwa kiasi cha kutosha, na ndiyo maana ni udongo mbaya kuliko wote mahali penye jalidi.

Hapa ndipo sentensi moja katika swali lako, ile ya tabaka nyembamba za mchangatope, inapozidi uzito taarifa nyingine zote ulizonipa. Mfinyanzi wako ukiwa peke yake ungeumuka kwa kiasi cha wastani. Ukiwa umekatwakatwa na mishipa ya mchangatope, unakuwa na mabomba ya kulalia yanayoleta maji kutoka pembeni, na mfinyanzi ulio katikati ya mishipa hiyo unapata kinywaji karibu kabisa. Mfinyanzi wa aina hii, hasa ule uliotuama katika maziwa ya kale yaliyolishwa na barafuto, uliwekwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani katika kundi F4, ambalo ni baya zaidi, ilhali mfinyanzi wa kawaida wenye fahirisi ya unyumbufu (kipimo cha kiasi cha maji ambacho udongo huchukua ukiwa bado unafinyangika) inayozidi 12 uko F3. Mipasuko ya asili katika mfinyanzi hufanya kazi ile ile, na kila msimu wa kuganda na kuyeyuka huongeza mingine. Kwa sababu hiyo usishangae kuona sehemu iliyotulia miaka miwili ya mwanzo ikianza kusumbua baadaye.

Sasa tuje kwenye kuyeyuka. Joto la majira ya kuchipua huingia kutoka juu, chini ya lami nyeusi kwanza. Lenzi za juu zinayeyuka wakati zilizo chini bado ni barafu, na maji yaliyokusanywa kwa miezi mitatu yanajikuta katika beseni lisilo na tundu: chini yake kuna udongo ulioganda, na pembeni kuna mabega ya barabara ambayo mara nyingi yamefunikwa na theluji iliyosukumwa huko na magreda. Udongo hulainika, na kila ekseli ipitayo huyasukuma maji yake badala ya kuukandamiza. Ushahidi mkubwa wa jambo hili tunao tangu majaribio ya barabara ya AASHO, chama cha maafisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, yaliyofanyika karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, ambako malori yalizungushwa juu ya barabara zilizojengwa juu ya mfinyanzi wa daraja la A-6 katika mpangilio wa udongo wa chama hicho. Sehemu kubwa ya vipande vya lami vilivyoshindwa ilishindwa katika majira ya kuchipua.

Kutokana na majaribio hayo ilipatikana njia ya kuhesabu uharibifu kwa kila mwezi, ambapo uharibifu hupanda kwa kipeo cha 2.32 kadiri moduli ya udongo, yaani ugumu wake chini ya mzigo, inavyoshuka. Tuseme moduli ya udongo wako inashuka hadi robo kwa mwezi mmoja, inabaki nusu mwezi unaofuata, udongo umeganda kwa miezi mitatu, na miezi saba iliyobaki iko kama kiangazi. Mwezi wa robo una uharibifu mara 25 ya mwezi wa kawaida, mwezi wa nusu mara 5, miezi ya barafu karibu sifuri, na ile ya kawaida inachangia 7 kwa ujumla. Jumla ni 37, na kati ya hiyo 30 imetokea katika miezi miwili tu. Moduli moja inayoweza kuwakilisha mwaka mzima inatoka kuwa asilimia 62 hivi ya ile ya kiangazi. Kwa makadirio, CBR yako ya 7 inapaswa kuingia katika usanifu kama 4 na kitu kidogo. Robo na nusu nilizotumia ni za mfano. Ni wajibu wako kuzipata za kwako kwa kupima katika wiki za kuyeyuka, kwa kifaa cha kudondosha uzito au hata kipimo chepesi cha koni, palepale ambapo barabara itapita au kwenye barabara ya jirani iliyo juu ya udongo huo huo. Nikilazimika kuchagua kipimo kimoja tu cha mradi mzima, ningechagua hicho.

Turudi kwa mkuu wako na mita zake 1.3. Kina cha jalidi si sifa ya mahali peke yake, kwani hutegemea pia kile kinachogandishwa. Kugandisha kilo moja ya maji kunahitaji kuondoa kilojuli 334 za joto fiche, hivyo udongo wenye maji mengi huipa jalidi kazi kubwa na kuichelewesha. Chukua fahirisi ya kuganda ya uso wa barabara ya digrii-siku 600 (jumla ya nyuzi zilizo chini ya sifuri, siku baada ya siku, kwa majira yote ya baridi), na udongo uliogandishwa unaopitisha joto kwa wati 1.8 kwa kila mita na digrii. Kwa fomula ya Stefan, ambayo hukadiria kina cha kuganda kutokana na joto fiche, mfinyanzi wenye densiti kavu ya kilo 1,600 kwa mita ya ujazo na maji asilimia 22 huganda hadi mita 1.26, karibu na kina ulichokitaja. Changarawe ya kilo 2,000 yenye maji asilimia 5 tu, chini ya baridi ile ile, ingeganda hadi mita 2.36.

Maana yake ni kwamba ukiondoa mfinyanzi mita 1.3 na kuweka changarawe, jalidi haitasimama kwenye mita 1.3. Hesabu ya tabaka mbili inaonyesha kwamba changarawe yote ingemaliza digrii-siku 180 hivi, na zilizobaki zingeendelea kushuka na kuugandisha mfinyanzi wa chini kwa karibu mita 0.37. Fomula ya Stefan huzidisha kina kidogo, kwa kuwa haihesabu joto la kawaida lililomo ardhini, na kwa kazi halisi tumia sahihisho la Berggren, linaloingiza joto hilo, kama lilivyoboreshwa na Aldrich na Paynter mwaka 1953. Hata hivyo mwelekeo wa matokeo haubadiliki. Kanuni ya zamani ya wahandisi wa jeshi niliowataja iliruhusu jalidi iingie kwenye udongo wa chini kwa takriban robo ya unene wa tabaka la msingi lisiloumuka, na pendekezo la mkuu wako linaangukia hapo. Kwa hiyo anachopendekeza kwa kweli ni upenyaji uliodhibitiwa, wala si kinga kamili kama anavyoamini, na gharama yake ni kufukua na kujaza kilomita nzima kwa kina kirefu kuliko mtu alivyosimama hadi kifuani.

Je, unene mdogo zaidi unafaa? Kwa takwimu zile zile, matabaka yasiyoumuka yenye unene wa jumla wa mita 0.8 yanaacha jalidi iingie kwenye mfinyanzi kwa mita 0.63, yaani nusu ya ilivyokuwa. Uzito wa matabaka hayo nao unasaidia, maana lenzi za barafu hukua polepole zaidi zinapobanwa kutoka juu. Kwa barabara ya njia mbili isiyo na mwendo kasi mkubwa, ningeanzia karibu na unene huo, nihakikishe unabeba magari kwa nguvu ya udongo iliyopunguzwa, kisha nielekeze fedha na akili iliyobaki kwenye mambo mawili: maji, na usawa wa udongo.

Kuhusu maji, usitarajie kuukimbia uvutaji wa kapilari kwa kushusha maji ya ardhini nusu mita. Katika mfinyanzi maji hupanda mita kadhaa. Unachoweza kufanya ni kurefusha safari yake na kuyapunguzia kasi. Inua tuta badala ya kufukua, kila mahali ambapo mwinuko wa barabara unaruhusu, kwa kuwa kila sentimita ya tuta inakupa faida mbili: inaongeza umbali kutoka kwa maji na inaondoa kazi ya kushughulika na shimo lililojaa tope. Mitaro ya pembeni iwe na sakafu iliyo chini ya uso wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na tabaka la changarawe liendelee hadi litokeze kwenye mteremko wa mtaro, maana changarawe iliyozibwa pembeni na udongo wa bega ni birika. Uso wa mfinyanzi upewe mteremko wa kutosha kabla ya kufunikwa. Mishipa ya mchangatope inayoleta maji kutoka upande wa mlima ikatwe kwa mfereji wa chini ya ardhi wenye bomba lenye matundu, uliofungwa kwa jiotekstaili, yaani kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Kitambaa kama hicho kitandazwe pia kati ya mfinyanzi na changarawe, kwani wakati wa kuyeyuka tope hupanda na kuchanganyika na changarawe, na baada ya misimu michache utakuwa na tabaka la msingi linaloumuka lenyewe.

Changarawe nayo ichunguzwe kwa ukali. Mhandisi Arthur Casagrande alipendekeza mapema miaka ya 1930 kwamba udongo wenye mchanganyiko mzuri wa ukubwa wa chembe uhesabiwe kuwa wa kuumuka ikiwa zaidi ya asilimia 3 ya uzito wake ni chembe ndogo kuliko milimita 0.02, na kigezo hicho bado kinatumika. Usiridhike na chekeche peke yake, kwani chekeche ndogo ya kawaida huishia milimita 0.075. Fanya kipimo cha haidromita, ambacho hupima chembe ndogo zaidi kwa kasi ya kutuama kwake majini. Na upime tena baada ya kushindilia, kwa sababu mawe dhaifu husagika chini ya rola na kuzalisha vumbi ambalo halikuwepo kwenye machimbo.

Usawa ndio suala ambalo, kwa maoni yangu, wasanifu wengi hulipuuza. Barabara iliyoinuka milimita 60 kwa usawa kilomita nzima haimsumbui dereva. Iliyoinuka 60 hapa na 10 hatua tano mbele inavunja lami na magari. Kwa hiyo chimbua sentimita 50 za juu za mfinyanzi, zichanganye kwa jembe la trekta hadi mishipa ya mchangatope ipotee, na uzishindilie upya kwa unyevu unaodhibitiwa. Ondoa mawe makubwa, maana jalidi huyapandisha mwaka hadi mwaka mpaka yachungulie. Mifuko ya mchangatope mtupu ifukuliwe na kujazwa udongo unaofanana na wa jirani, si changarawe, kwa sababu mfuko wa changarawe katikati ya mfinyanzi hauinuki na utakuachia bonde. Kwenye makalavati, na pale barabara inapotoka kwenye mkato kuingia kwenye tuta, unene wa tabaka lisiloumuka ubadilike taratibu kwa mteremko mrefu wa mita nyingi. Nimewahi kukagua barabara ambayo kila kalavati lake lilitambulika kwa kiti cha gari kabla ya kuonekana kwa macho, nayo yote yalikuwa yamejazwa pembeni changarawe nzuri kabisa, iliyokatwa wima kama ukuta.

Kuna mawili ambayo utaulizwa na wakubwa zako. La kwanza ni mbao za polistireni kama kihami joto. Zinafanya kazi, na kwenye kalavati au kipande kifupi kibaya ningezitumia bila kusita. Ila zikiwekwa karibu na uso huzuia joto la ardhi kupanda, na lami iliyo juu yake huganda utelezi usiku ambao sehemu za jirani bado ni salama, hivyo zifunikwe na tabaka nene na zisikomee ghafla. La pili ni chokaa. Chokaa huufanya mfinyanzi kuwa mkavu, wenye kuvunjika vizuri na rahisi kushindilia, lakini kwa kuziunganisha chembe zake kuwa punje kubwa kidogo huongeza pia upitishaji wa maji, na mfinyanzi ulioguswa kwa chokaa kidogo unaweza kuanza kutenda kama mchangatope. Kikiwekwa cha kutosha na kupewa muda wa kukomaa kwenye joto kabla ya jalidi ya kwanza, matokeo ni mazuri. Kikiwekwa mwishoni mwa msimu wa ujenzi ili kuwahi ratiba, heri usingekiweka.

Kabla hujachora chochote, fungua mashimo mengine mwishoni mwa majira ya kupukutika majani, maana hapo ndipo maji ya ardhini yatakayolisha lenzi yanapokuwa kwenye kiwango chake halisi, na ufuatilie mishipa ya mchangatope kutoka shimo hadi shimo. Zika pia mirija michache ya jalidi, ile yenye maji ya buluu ambayo hupoteza rangi yakiganda, mmoja chini ya lami ya barabara iliyopo na mwingine chini ya bega lenye theluji, uone tofauti. Ukikuta vipande ambavyo mishipa hiyo imeungana na kutiririka maji, hapo mpe mkuu wako mita zake 1.3, ila mwonyeshe hesabu ya kina kipya cha jalidi na umwombe mita kadhaa za mteremko kila upande wa shimo lake.